Kiini cha Linux kwa Mashine Kuukuu za Nchelenge

Kabla hujagusa mstari hata mmoja wa kiini, tafuta bisibisi ndogo na brashi laini. Fungua mgongo wa laptop, toa feni, uondoe lile blanketi la vumbi lililojibanza kwenye mapezi ya kupoozea. Huku Kashikishi, wilayani Nchelenge, vumbi la barabara huchanganyika na moshi wa kuni za kubanikia samaki, na vikishagandana ndani ya mashine huwa kama lami. Prosesa ikipata joto kupita kiasi hujipunguzia kasi yenyewe isije ikaungua. Mteja atakuambia kompyuta imezeeka, kumbe imezibwa pumzi tu. Nimewahi kupokea mashine iliyoletwa ili "ibadilishwe mfumo wote" ikarudi kwa mwenyewe siku ileile na kiini chake kilekile, kazi yote ikiwa ni brashi na pesti mpya ya prosesa.

Naanza na hilo kwa sababu mwongozo huu ni wa fundi mwenzangu wa ufukoni mwa Ziwa Mweru nchini Zambia, anayepokea mashine zilizokwisha kupita mikono mitatu minne. Lugha ya mtaani Nchelenge ni Kibemba, lakini Kiswahili hakikosekani sokoni. Wafanyabiashara huvuka ziwa kutoka Kilwa na Pweto upande wa Kongo, na tangu Januari 2018 wilaya hii ina makazi ya wakimbizi ya Mantapala, ambako wengi wametoka Haut-Katanga na Tanganyika. Laptop wanazoleta zinafanana: RAM ya 2 GB au 4 GB, diski ya kuzunguka, betri inayoshika saa moja ikipenda. Microsoft ilipoacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, nyingi kati ya hizo zilibaki bila pa kwenda isipokuwa Linux. Hapo ndipo swali la kiini linapoingia.

Kiini ni ile sehemu ya mfumo inayokaa kati ya vyuma na programu. Kinagawa muda wa prosesa, kinagawa RAM, kinaongea na diski, modemu, skrini na betri. Cha Linux kilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, wakati huo mwanafunzi Helsinki, na leseni yake inakuruhusu wewe uliyeketi Nchelenge kukifungua, kukipunguza, kukiongeza na kukisambaza, mradi unayempa kiini chako apate pia msimbo wake akiutaka. Kiini unachokipata na Debian au Ubuntu kimeshonwa kama kanzu ya kumtosha kila mtu, kuanzia seva ya benki hadi laptop ya mwalimu. Kinaweza kukatwa kikukae wewe.

Lakini nikuambie mapema, usije ukanilaumu njiani: sehemu kubwa ya faida utaipata bila kujenga kiini kipya. Swichi nyingi unazozitafuta ziko wazi tayari, zinasubiri mkono. Na huku kwetu wepesi wa mashine hauhesabiwi kwa sekunde. Unahesabiwa kwa saa za betri, na kwa kama mashine inaganda au haigandi mtu akifungua kurasa nne za intaneti huku anaandika barua.

Pima, uandike

Chukua daftari. Washa mashine, fungua zile programu ambazo mwenyewe huzitumia, kisha kwenye terminali andika `vmstat 1` na uangalie namba zikishuka kila sekunde. Safu ya kwanza ya kutazama inaitwa `si`, na kwa Kiswahili jina limekaa mahali pake: ikionyesha namba kubwa mfululizo, mambo si mazuri. Yeye na ndugu yake `so` wanakuambia kiini kinahamisha vitu kati ya RAM na diski kwa sababu RAM imejaa. Wakitulia kwenye sifuri, RAM siyo tatizo lako. Safu ya `wa` ni muda ambao prosesa inakaa bure ikiisubiri diski.

`wa` ikiwa juu huku `si` na `so` zimelala, usikimbilie kiini. Ipime diski kwa `sudo smartctl -a /dev/sda` na usome mistari ya Reallocated_Sector_Ct na Current_Pending_Sector. Namba zake zikiwa zinapanda, diski inakufa. Nakili kazi za mteja leo, kesho mwambie anunue SSD hata ya GB 120. SSD ya namna hiyo huifufua mashine kuliko chochote nitakachokieleza hapa chini, na fundi mwaminifu huanza na kusema hivyo.

Kwa betri tumia `powertop`: chomoa chaja, subiri dakika kadhaa, uandike ni wati ngapi zinatoka mashine ikiwa imetulia. Kwa muda wa kuwaka, `systemd-analyze blame` itakutajia nani anachelewesha. Mara nyingi ni huduma fulani inayosubiri mtandao ambao haupo, wala kiini hakihusiki.

Swichi zilizo wazi

Nikiruhusiwa kuchagua moja tu kwa mashine ya 2 GB au 4 GB, nitachagua zram. Ni moduli ya kiini inayotenga sehemu ya RAM na kuitumia kama ghala la vitu vilivyobanwa. Badala ya kurasa za RAM zisizotumika kupelekwa kwenye diski inayozunguka polepole, zinabanwa na kubaki palepale. Kubana kunakula prosesa kidogo, lakini prosesa ya mwaka 2011 bado ina kasi kubwa mno ukiilinganisha na diski ya wakati wake. Kurasa za kawaida hubanwa hadi nusu au theluthi ya ukubwa wao, kwa hiyo mashine ya 4 GB hujisikia kama imeongezewa. Kwenye Debian:

`sudo apt install zram-tools`

Fungua `/etc/default/zramswap`, weka `ALGO=lz4` na `PERCENT=50`, kisha `sudo systemctl restart zramswap`. Baada ya hapo ongeza `vm.swappiness=120` kwenye faili ndani ya `/etc/sysctl.d/`. Miongozo mingi ya zamani itakuambia uishushe namba hiyo hadi 10. Ushauri huo ni wa enzi za kubadilishana na diski. Kwa zram ni kinyume, unataka kiini kisione haya kuitumia, na tangu toleo la 5.8 namba hiyo inaruhusiwa kufika 200.

Ndugu yake zram ni njia mpya ya kiini kuchagua ni kurasa zipi za RAM za kutoa kwanza, inayoitwa MGLRU. Iliandikwa Google kwa kuzifikiria simu za Android na Chromebook, yaani mashine zenye RAM ndogo kama zetu, ikaingia kwenye toleo la 6.1 mwezi Desemba 2022. Soma `/sys/kernel/mm/lru_gen/enabled`. Ikijibu 0x0000 imelala. Iamshe kwa kuandika `y` humo ukiwa root. Ukiitumia pamoja na zram, ile hali ya mshale wa kipanya kuganda dakika nzima hupungua sana.

Diski ikiwa ya kuzunguka, ipe mpangaji foleni anayeitwa BFQ: `sudo modprobe bfq`, kisha andika `bfq` ndani ya `/sys/block/sda/queue/scheduler`. Yeye hugawa zamu kwa haki, ili kunakili nyimbo 500 kwenye kadi ya mteja kusizuie dirisha lingine kufunguka. Kwa wenye vibanda vya kujaza nyimbo hili peke yake linatosha kulipia usomaji wa makala. Kwa SSD usisumbuke, achia ulichokikuta.

Toleo la kiini likiwa jipya kiasi, neno `preempt=full` kwenye mstari wa `GRUB_CMDLINE_LINUX_DEFAULT` ndani ya `/etc/default/grub`, likifuatwa na `sudo update-grub`, humfanya mtumiaji asikilizwe haraka zaidi kazi nzito zikiendelea nyuma. Zamani hilo lilihitaji kujenga upya, tangu 5.12 kuna uwezekano wa kuliamua wakati wa kuwasha. Suala hili la nani asikilizwe kwanza liliwahi kuwasha moto. Daktari wa usingizi wa Australia, Con Kolivas, aliyejifunza msimbo kama kazi ya pembeni, alishindana kwa miaka na wakubwa wa Linux akitaka kompyuta za nyumbani zisipangiwe kazi kama seva. Mwaka 2007 kiini kilichukua mpangaji wa zamu za prosesa aliyeandikwa na Ingo Molnár, mmoja wa wakubwa hao, badala ya wake, ingawa Molnár mwenyewe alikiri mchango wa wazo la Kolivas. Nalitaja kwa sababu linakutia moyo: mtu asiye mwajiriwa wa kampuni yoyote ya kompyuta aliwahi kukitikisa kiini.

Kuna swichi mbili ambazo utazikuta zikisifiwa kila mahali. Ya kwanza ni BBR, mbinu ya kupeleka data iliyoingia toleo la 4.9. Watu huiwasha wakitarajia modemu iharakishe kupakua. BBR inamhusu anayetuma. Kwenye laptop yako itakusaidia ukipandisha video au ripoti nzito, ila kasi ya kupakua inaamuliwa na seva ya upande wa pili. Iwashe ukitaka, usimwahidi mteja. Ya pili ni `mitigations=off`, inayoondoa kinga zilizowekwa baada ya kasoro za Meltdown na Spectre kutangazwa Januari 2018. Ni kweli mashine za Intel za zamani hupata wepesi kidogo. Mimi siiweki kwenye kompyuta ambayo mtu atafungulia akaunti ya pesa, na huku ni kompyuta gani isiyofunguliwa akaunti ya pesa?

Kuhusu umeme, kiini huwa kinajitahidi chenyewe. `sudo powertop --auto-tune` huwasha njia zote za kuokoa umeme kwa mpigo mmoja, lakini huvilaza pia vifaa vya USB, na modemu ya USB iliyolazwa hukata mtandao katikati ya kutuma fomu. Ukiitumia, rudi uirudishe modemu kwenye hali ya kukesha. Na mwangaza wa skrini ukishushwa hadi nusu utaokoa wati nyingi kuliko mengi ya haya, ingawa haukupi sifa ya ufundi.

Ukiamua kujenga

Sasa tuje kwenye upasuaji wenyewe. Utamsikia mtu akisema kiini cha Debian kina maelfu ya moduli na kwamba zote zinakula RAM. Si kweli. Moduli isiyopakiwa inakaa kwenye diski tu. Unachokipata kwa kujenga ni kiini na faili la kuwashia vidogo zaidi, muda mfupi wa kuwaka, nafasi kwenye diski, na uwezo wa kubadili vitu ambavyo havibadiliki kwa swichi, kama mapigo ya saa ya kiini. Kwenye mashine ndogo sana, au zile kumi zinazofanana za darasani, inalipa. Kwenye laptop moja ya 4 GB ambayo tayari ina zram, unajenga zaidi kwa ajili ya kujifunza, na hiyo nayo ni sababu.

Msimu mzuri wa kujifunza ni Desemba hadi Februari, uvuvi unapofungwa upande wa Zambia na mzunguko wa pesa sokoni ukapungua. Ubaya ni kwamba hiyo ndiyo mvua, na sola haichaji. Piga hesabu kwanza. Laptop inayojenga kiini hufanya kazi kwa nguvu zote. Ikivuta wati 40 kwa saa 5, zimekwenda wati-saa 200. Betri ya volti 12 na Ah 100 ina wati-saa 1,200 kwenye karatasi, lakini ya asidi usiishushe chini ya nusu, kwa hiyo una 600. Theluthi moja ya hizo 600 imekwenda kwa jaribio moja, na jaribio la kwanza nadra kufaulu. Anayekumbuka mwaka 2024, ukame ulipolishusha bwawa la Kariba na umeme wa ZESCO ukawa wa saa chache kwa siku, hatahitaji kuambiwa.

Kwa hiyo usijengee kwenye mashine ya mgonjwa. Jengea kwenye kompyuta yenye prosesa nzuri, popote penye umeme, hata kama ni kwa rafiki aliyeko mjini Mansa, na matokeo uyabebe kwenye flashi.

Kwenye mashine ya mgonjwa fanya kazi moja tu, ila uifanye kwa subira. Chomeka kila kitu ambacho mwenyewe atakitumia: modemu, printa, simu ya kugawa intaneti kwa waya, flashi ya FAT, nyingine ya NTFS, kadi ya exFAT, kipanya, kamera. Fungua faili kutoka kila kimoja. Moduli ikishapakiwa hubaki kwenye orodha. Kisha:

`lsmod > mashine.txt`

`cp /boot/config-$(uname -r) .`

Faili hizo mbili ziende kwenye kompyuta ya kujengea. Huko sakinisha build-essential, bc, bison, flex, libncurses-dev, libssl-dev, libelf-dev, dwarves, rsync na debhelper. Pakua msimbo wa toleo la muda mrefu, kwa mfano 6.12, ambao umebanwa kwenye takriban megabaiti 140, basi nunua bando la usiku. Ufungue, uweke ile nakala ya config ndani yake kwa jina `.config`, kisha:

`make LSMOD=../mashine.txt localmodconfig`

Amri hii inasoma orodha yako na kufuta kila moduli ambayo haikuonekana. Ikikuuliza maswali, bonyeza Enter. Na hapa ndipo mafundi wengi tunapojikata. Wembe huu haujui kesho, unajua kilichochomekwa leo. Kiini changu cha kwanza kiliwaka haraka ajabu, nikakisifu, kisha mteja akaja na flashi ikakataa kufunguka. Kwenye `dmesg` palikuwa na maneno "codepage cp437 not found": nilikuwa nimelifuta jedwali dogo la herufi ambalo FAT haiwezi kuishi bila yake. Sifa zote zikaishia hapo. Kwa hiyo baada ya wembe, fungua `make menuconfig`, bonyeza alama ya mkwaju kutafuta, na uhakikishe hizi zimebaki kama M: NLS_CODEPAGE_437, NLS_ISO8859_1, VFAT_FS, EXFAT_FS, NTFS3_FS, USB_STORAGE, USB_PRINTER, USB_NET_RNDIS_HOST kwa simu, USB_SERIAL_OPTION kwa modemu, ZRAM na IOSCHED_BFQ. Huku mtu anaweza kuvumilia kompyuta isiyo na sauti, lakini isiyoona modemu ni kopo.

Humohumo kwenye menyu, chini ya Kernel hacking, zima taarifa za utatuzi kwa kuchagua Disable debug information. Usipofanya hivyo utahitaji GB nyingi za nafasi bila faida. LRU_GEN na LRU_GEN_ENABLED ziwe Y. Mapigo ya saa, HZ, Debian huyaweka 250. Kwa mashine ya betri 100 inatosha, anayerekodi muziki achukue 1000, na wengine mnaweza kuacha bila dhambi. Kuchagua aina ya prosesa nako kunasifiwa kupita faida yake, na kiini kilichoshonwa kwa Intel mpya huenda kisiwake kwenye AMD ya zamani.

Kosa moja litakusubiri mlangoni: ujenzi utasimama ukidai faili la vyeti la Debian ambalo huna. Litibu kabla halijatokea, kisha ujenge:

`scripts/config --set-str SYSTEM_TRUSTED_KEYS ""`

`make -j$(nproc) LOCALVERSION=-mweru bindeb-pkg`

Hilo `-mweru` ni jina tu, ili ukiandika `uname -r` ujue uko kwenye kiini chako. Utapata faili za .deb. Ile ya linux-image ibebe kwenye flashi, uisakinishe kwa `sudo dpkg -i`.

Kiini cha zamani usikiguse. Kwenye `/etc/default/grub` weka `GRUB_DEFAULT=saved`, `GRUB_TIMEOUT_STYLE=menu` na `GRUB_TIMEOUT=5`, ongeza `panic=10` kwenye mstari wa amri, endesha `sudo update-grub`, kisha kiweke cha zamani kuwa cha kawaida kwa `grub-set-default` na ujaribu kipya kwa `grub-reboot`. Kipya kikianguka, baada ya sekunde 10 mashine itajiwasha yenyewe na kurudi kwenye cha zamani. Ukiona "bad shim signature", ni Secure Boot inayokataa kiini kisicho na sahihi. Izime kwenye BIOS, au jifunze kusaini.

Kiini kikikaa wiki nzima bila kulalamika, rudi kwenye daftari. Rudia `vmstat`, `powertop` na muda wa kuwaka, uandike pembeni mwa namba za mwanzo. Tofauti ikiwa haionekani kwa macho, mrudishe mteja kwenye kiini cha Debian bila aibu, umwachie zram na BFQ. Maana kiini ulichojenga mwenyewe hakipati masasisho ya usalama kupitia apt. Kila kasoro ikizibwa, ni wewe wa kupakua, kujenga na kusakinisha tena. Mteja wa kisiwani Kilwa anayefika mara mbili kwa mwaka asiondoke na kiini cha mkono. Yule wa duka la jirani, unayemwona kila Jumamosi, mpe, na ubandike chini ya laptop kipande cha karatasi chenye toleo, tarehe, na maelezo ya kuchagua mstari wa pili kwenye menyu nyeusi ikikataa kuwaka.